Vigae vya Zulia Nyumbani kwa Datius

Celina Kokwijuka wa Kitendaguro alikuwa mfagizi katika ofisi ya shirika moja la umma mjini Bukoba, miaka ile ujamaa ulipohubiriwa hata vilabuni. Kazi yake kubwa ilikuwa zulia la ghorofani. Halikuwa zulia la kukunja. Lilikuwa vipande vya mraba vya kijani, vimepangwa bila gundi, kimoja kando ya kingine, na wafanyakazi waliviita vigae. Kikichafuka kimoja, Celina alikibandua peke yake, akakisugua kwa brashi na sabuni kidogo, akakilaza kivulini, kisha akakirudisha huku mshale uliochorwa mgongoni mwake ukielekea upande wa wenzake. Ukikosea mshale, sakafu nzima huonekana ina viraka.

Aliwahi kuharibu kimoja. Wino ulimwagika, naye akauondoa kama mama yake alivyotakatisha nguo, kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Wino ulitoka, na rangi ikatoka nao. Likabaki baka la manjano lenye umbo la sikio la mbuzi. Meneja alicheka, akaagiza kigae hicho kiwekwe stoo pamoja na vile vya akiba.

Kisha asubuhi moja stoo ikakutwa tupu. Hakuna kufuli lililovunjwa. Polisi wakamchukua Bartholomayo, mlinzi mzee wa Nshambya aliyeshika ufunguo, na ikasemwa Jumatatu atasimamishwa mahakamani.

"Uzee umemharibu," Celina aliwaambia wenzake, akaendelea kufagia.

Jumamosi alipanda basi kwenda Muleba kwa kaka yake Datius, dereva wa shirika lilo hilo, aliyezoea kupakua mizigo pale stoo. Wazee wa upande wa Kagaruki walikuwa wanakuja kumposa Joviana, binti wa Datius, na posa bila shangazi si posa. Celina alikuwa amekata nyasi laini za kutandika, maana kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi. Aliufikisha mzigo wake mlangoni, akakuta wageni wamekwisha kuketi.

"Waitu, mwenzetu Datius," mzee Kagaruki alikuwa akitania, "nyasi hizi umezikata bonde gani? Hazina hata kiroboto!"

"Hizi hazikatwi, mzee wangu, hizi zinaagizwa!" Datius alijibu, na watu wakacheka.

Celina alitazama chini. Kijani. Mraba kwa mraba, sakafu ina viraka, maana mishale ya chini imepishana ovyo. Na karibu na goti la mzee Kagaruki, sikio la mbuzi la manjano.

Mzigo wa nyasi ulimponyoka. Damu yake mwenyewe! Mtoto aliyenyonya naye ziwa moja, aliyebatizwa maji yale yale! Na yeye Celina, kwa kinywa chake, amemhukumu mzee wa watu.

Datius aliona macho yake yalipotua. Akamvuta nyuma ya nyumba, migombani.

"Dada, nyamaza. Wageni waondoke kwanza."

"Bartholomayo yuko mahabusu."

"Mzee yule hana mke wala mtoto, nani atamlilia? Mimi nina Joviana. Utanifunga kwa ajili ya kitambaa cha kukanyagwa?"

Celina alimtazama kama mtu asiyemjua. Wizi ulikuwa umemtisha, lakini maneno haya yalimgandisha. Mwizi anaweza kutubu. Anayemchagulia mwenzake jela kwa sababu ya upweke wake amekwisha kuoza. Alirudi ndani.

Kumwinua mgeni pale alipotandikiwa ni tusi ambalo ukoo hausamehe. Celina alilijua hilo tangu utoto. Akapiga magoti mbele ya wazee.

"Waitu, wazazi wangu, naomba mwinuke. Mmekalia mali ya umma. Na mtu amefungwa kwa ajili yake."

Joviana, aliyekuwa akileta sahani ya kahawa kavu ya kutafuna, aliiacha imwagike. Mzee Kagaruki aliinuka polepole, akajipangusa kanzu kana kwamba ameketi kwenye majivu ya moto, akatoka na watu wake bila kuaga. Celina akaanza kubandua vigae kimoja kimoja, vumbi la miguu ya wageni likimwingia machoni.

"Shangazi, umeniua," Joviana alisema.

Celina hakuacha kubandua.

Jumatatu alivipeleka kwa meneja, akamtaja ndugu yake kwa jina kamili. Bartholomayo akatoka, Datius akaingia. Posa haikurudi. Muleba wakamwita Celina mwanamke aliyeuza tumbo la mama yake, na hata waliojiita wajamaa walisema angalau angengoja. Angoje nini? Mali ya wote ikiibwa na ndugu huitwa bahati, ikiibwa na jirani huitwa wizi. Hapo ndipo nchi huanza kuoza.

Bartholomayo alikuja Kitendaguro na mkungu wa ndizi begani kutoa shukrani. Celina alimkuta uani, akasimama mbali naye.

"Rudi nao, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyesema uzee umekuharibu. Na leo nalia msiba wa ndugu yangu. Usinishukuru kwa ajili yake."