Kilimani, Kutafuta Moshi wa Mama

Ijumaa alfajiri nilitoka Butembo kwa pikipiki, maana simu ya mama ilikuwa imenyamaza majuma matatu. Mama anaishi kwa wavuvi, chini ya miamba ya ziwa Edouard. Tuliachana vibaya: aliacha Misa akaingia kwa Basabato, nami nikamwambia dini yake ni ya chakula baridi.

Jioni, Luofu. Nilifika na matope mpaka kwenye nywele. Mwenyeji wangu, Mama Kavira, mulimaji wa viazi, alinipa maji ya kunawa na habari mbaya: mvua ilikuwa imebomoa njia ya kushuka ziwani.

"Njia hakuna tena, mwanangu. Lakini kuko kilima kimoja. Ukifika juu, unaona manyumba yote ya kule chini. Ukiona moshi kwa jiko ya mama yako, ujue iko muzima."

Kesho yake tulipanda. Kilima hicho watu wa mjini hatukijui kabisa. Nilipanda kwa mikono na magoti, nikitukana viatu vyangu. Mama Kavira, mutu wa miaka ya mama yangu, alitangulia akinicheka.

"Butembo munakulaka nini? Miguu yote ni maji!"

Saa sita tulifika kileleni. Niliitambua nyumba ya mama kwa bâche, turubai la bluu, juu ya paa. Kwa majirani moshi ulikuwa unapanda. Kwake, hakuna kitu. Nikakaa chini, nikalia kwa sauti.

Mama Kavira akanishika bega. "Mama yako anasalia kanisa gani?"

"Kwa Basabato."

"Na leo ni siku gani?"

"Samedi, siku ya Sabato... Yesu wangu!"

"Donc basi, alipika jana! Leo hapana kugusa moto. Ngoja jua izame."

Tukangoja. Tulitafuna viazi baridi vya Mama Kavira, mimi niliyecheka chakula baridi, huku nikihesabu rozari. Jua lilipozama nyuma yetu, moshi mwembamba ukatoka pale kwa bâche ya bluu, halafu ukanenepa.

"Mama!" nilipiga kelele, kana kwamba angenisikia. Aksanti Mungu, nilipumua! Tulishuka kwa taa ya simu, nikianguka na kucheka.

Jumapili nilirudi Butembo. Njia ikitengenezwa, nitashuka kumuomba mama msamaha.

Jumamosi iliyofuata batoto wangu walinikuta jikoni nakula maharage ya jana, baridi. Wakauliza kama nimekuwa Musabato. Nikawaambia hapana, ila saa hii koko yao, mama yangu, anakula hivi hivi kule ziwani, nami nimekaa kula naye.