Bomba Chini ya Zege la Shukuru

"Bomba linapita, halikomei kwa mtu." Kanuni hiyo Makarius Nchimbi aliipata Hanga, alipojifunza ufundi bomba kwa watawa, na aliishika miaka yote ishirini na mitatu aliyoitumikia serikali. Ukimwekea mtu maji, unaacha njia ya kuyafikisha kwa anayefuata. Mwaka 1991 walipompunguza kazini, alirudi nyumbani kwake Mshangano na sanduku la zana. Kanuni hakuiacha ofisini.

Maji ya upande wao yalishuka kwa bomba moja, kutoka tangi la kilimani hadi nyumba nne. Ya kwanza ilikuwa ya Makarius na mkewe Notburga, ya mwisho ya Bibi Kunegunda. Bomba hilo walilichimbia wenyewe mwaka sabini na tisa, kila nyumba na hatua zake, na malipo yalikuwa mtungi wa pombe ya komoni na wimbo. Hakuna aliyeuliza, "Nitapata nini?" Swali hilo lilikuja baadaye, pamoja na mitumba na biashara huria.

Alikuja nalo Shukuru. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mkoa mwingine, akanunua kiwanja cha juu, akaanza kufyatua matofali ya saruji na kujenga gesti. Kiwanjani akamwaga zege pana la kupitishia lori lake, juu kabisa ya njia ya bomba. Zege lilipokauka, na nyumba nne za chini zikakauka.

"Lori limeliponda bomba lenu," alisema Shukuru. "Bahati mbaya, jamani. Lakini zege langu halivunjwi."

Walikaa miezi minne hivyo. Bibi Kunegunda, aliyepita miaka sabini na mwenye nyonga mbovu, akarudi kuteka maji kijitoni. Mwezi wa tisa aliteleza na ndoo yake, akalala kwenye tope tangu asubuhi hadi Notburga alipomkuta saa sita mchana.

"Mvua zikianza, njia ile itakuwa sabuni," Notburga alimwambia mumewe. "Akianguka tena, hatutamwokota. Tutamzika."

Makarius akaenda kwa Shukuru, na akamchukua mjumbe wa nyumba kumi, mzee Pankrasi, awe shahidi. Kwenda kwenyewe kulikuwa na uzito, maana mabomba yote ya ile gesti alikuwa akiyafunga yeye. Ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo.

"Silivunji zege lako," alisema. "Nitapita chini yake."

Shukuru akacheka hadi akashika kiuno. "Chini? Wewe fundi au fuko?"

"Fundi."

"Haya, mzee Pankrasi, wewe shahidi. Apite chini kama fuko, nimemruhusu. Nitampa na Daimu wa kumsaidia. Lakini nikiona ufa, hata mwembamba kama uzi, atalimwaga zege upya kwa mikono yake."

Jumatatu Makarius akaanza kuchimba upande wa juu. Shimo lilipaswa kuwa refu, ili bomba la chuma lilale sawa kabla ya kupigiliwa chini ya zege. Shukuru akapita na gazeti kwapani. "Unamzika nani, fundi?"

"Bado sijajua," Makarius akajibu, naye Daimu, mfyatua matofali mwenye mwili wa mbeba magunia, akacheka kichinichini.

Jioni hiyohiyo sululu ikagusa bomba la zamani, naye akashuka magotini akalifukua kwa vidole. Halikuwa limepondwa. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno, mkato safi. Pale palipokatwa palifungwa kona mpya ya plastiki, na kutoka hapo bomba jipya likapinda kuelekea kwenye tangi la Shukuru la kufyatulia matofali. Kipande cha kupita chini ya zege hakikuwapo. Kiling'olewa kabla zege halijamwagwa.

Makarius akakaa kwenye ukingo wa shimo. Miezi minne bibi kizee alikuwa akibeba maji kichwani, na maji yake yakikanda saruji ya mtu! Na mtu huyo alisimama mbele ya watu akasema, bahati mbaya.

Alipoitwa, Shukuru hakukana. Alichutama kando ya shimo, akashusha sauti.

"Mzee Makarius, mimi na wewe ni watu wa kazi. Kesho navunja zege mwenyewe, nakupitishia bomba lako, linaishia kwako. Gesti unaendelea nayo. Hao wengine watajua wenyewe. Zama za kubebana zimekwisha, siku hizi kila mtu na lwake."

"Na Bibi Kunegunda?"

"Ana watoto Dar."

"Bomba halikomei kwa mtu, Shukuru."

"Basi na gesti usiikanyage. Daimu! Toka humo shimoni."

Daimu akatoka, macho chini. Ana watoto, na mkono unaolisha haung'atwi. Si yeye wa kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni mzee Pankrasi, aliyeitwa akauona mkato ule kwa macho yake, akakohoa, akasema, "Huyu ametuletea maendeleo, tusimkere." Na wa kulaumiwa zaidi ni wenye nyumba mbili za katikati. Makarius aliwaendea mlango kwa mlango kuomba mikono. Mmoja akauliza, "Kwa siku ni shilingi ngapi?" Maji ni yake, koo ni lake, naye anauliza ujira!

Makarius akarudi shimoni peke yake. Alichonga kigingi cha mti mgumu, akakiziba nacho kichwa cha bomba la chuma ili udongo usiingie, akaweka pima maji juu yake, kisha akaanza kupiga kwa nyundo kubwa. Akipiga mapigo kumi, anapima, maana bomba likiinua kichwa litapasua zege, na likiinama halitatokea popote. Udongo mwekundu wa kiangazi ulikuwa mgumu kama tofali. Ilibidi aulainishe kwa maji, na maji hayo akayateka kijitoni, kwenye njia ileile aliyoangukia bibi. Siku nzima alisogea urefu wa mkono mmoja.

Jumatano Bibi Kunegunda akaja na fimbo yake na kibuyu cha togwa. Akachungulia shimoni.

"Mwanangu, acha. Mimi nimebakiza maji kidogo tu ya kunywa hapa duniani."

"Shikamoo, bibi. Hayo kidogo utayanywea nyumbani kwako."

"Marahaba. Kiburi hicho ulikirithi kwa baba yako." Akaketi kivulini, hakuondoka.

Alhamisi mawingu yakatanda upande wa Namtumbo. Makarius akaharakisha. Kazi ile ni ya watu wawili, mmoja anashika bomba lisitikisike, mwingine anapiga. Yeye alishika kwa mkono wa kushoto, akapiga kwa wa kulia. Nyundo ikateleza. Kidole cha shahada kikabaki kati ya chuma na chuma.

Hakupiga kelele. Bibi ndiye aliyepiga. Notburga akaja mbio, akararua kipande cha kanga akafunga, akataka kumpeleka hospitali.

"Zimebaki shibiri mbili," alisema Makarius.

"Mwanamume huyu!" Notburga alilia kwa hasira. Kisha akapandisha gauni, akateremka shimoni, akalishika bomba kwa mikono yote miwili. "Piga basi. Na ukikosea safari hii, mke huna."

Saa kumi kigingi kikatokeza kwenye shimo la upande wa pili. Wakakigonga kikatoka, wakapitisha bomba la plastiki ndani ya lile la chuma, wakaliunga na la zamani upande wa chini. Juu, pale palipokatwa, Makarius akaing'oa kona ya Shukuru akafunga tii, kiungo chenye midomo mitatu, ili maji yaende kote, hata kwa Shukuru mwenyewe. Hakumnyima. Alimwachia fungu lake, kama kila mtu.

Shukuru akapiga magoti kwa suruali yake ya kitambaa, akalikagua zege kwa kucha, shibiri kwa shibiri, akitafuta ufa. Hakuupata. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa, na maneno yake mwenyewe kuhusu fuko yalikuwa kinywani mwa kila mmoja, kwa hiyo hakuweza kuyarudisha. Nyumba za katikati zilifungua koki zao zikashangilia kama vile zimechimba.

Kwa Bibi Kunegunda koki ilikohoa, ikatema kutu, ikatoa maji. Mvua ilinyesha Jumapili. Hakushuka tena kijitoni.

Hospitali walikikata kidole. Shukuru alileta fundi mwingine kumalizia gesti, akawaonya wajenzi wenzake wa mjini kwamba Makarius ni mtu wa fitina. Maji ya nyumba nne yalimgharimu Makarius Nchimbi kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na miaka miwili bila kazi.