Katikati ya Kibunda

Juzi binti yangu alitandaza daftari mezani akaniuliza aandike nini, kwani mwalimu wao anataka maelezo yenye "kwa sababu" na "kwa hivyo". Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, shuleni kwetu Kianjai.

Mwalimu wetu alisema anayeeleza vizuri hafichi sababu hata moja. Darasa lilinuka githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, upepo ukigonga mabati, nami sikuweza kutulia mpaka zamu yangu ya kusoma ifike. Nikasoma: "Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba kwa sababu hukauka upesi. Ya jana huwekwa katikati kwa sababu mnunuzi hutazama ya nje. Kwa hivyo yote hununuliwa."

Mwalimu akanipa alama zote. Nilidhani amependa viunganishi vyangu.

Jioni alikuja kununua miraa kwa baba, kama kawaida yake. Safari hii alikifungua kibunda palepale, akaanzia katikati.

"Mwalimu, leo kuna nini?" baba akauliza.

"Nimeelezwa," akajibu, akinitazama.

Binti yangu alikuwa bado anangoja. Nikamwambia aandike kuhusu mvua.