Begi Nililokataa Kupokelewa

Dada yangu Zuhura ameolewa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Alipojifungua, mama yetu alikuwa anaumwa magoti, kwa hiyo nikatumwa mimi, ambaye sikuwahi kuvuka mpaka. Jirani yetu Mzee Rashidi, aliyewahi kufanya biashara huko, alinionya: "Begi lako lisiguswe na mtu. Hati ya kusafiria ikipotea, utarudije?"

Siku ya kwanza nilitoka Lusewa hadi Songea, nikalala kwa shangazi, mtaa wa Majengo, begi chini ya kichwa.

Asubuhi nikapanda gari la mpakani. Utingo alitaka kulifunga begi juu. Nikatikisa kichwa, nikalipakata. Abiria mmoja akasema, "Kijana, huyo mtoto mbona hanyonyi?" Gari zima likacheka. Waliposhuka kujisaidia mimi nilibaki, nimebanwa.

Mpakani hati iligongwa muhuri, nikairudisha begini, chini ya nguo.

Saa kumi jioni nilifika kijijini. Bi Awetu, mama mkwe wa dada, alikuja kunilaki, mikono mbele, apokee begi.

"Shikamoo, mama," nilisema, huku nimelikumbatia.

Mikono yake ikabaki hewani. "Marahaba. Lina nyoka?" aliuliza kwa Kiyao, kisha akageuka kwenda jikoni.

Dada akanivuta kando. "Tangu niolewe hajafika hapa mtu wa kwetu. Umekuja wewe, ukawaita wezi."

"Sijasema kitu, dada."

"Ungesema, ningekutetea. Kitendo nitakiteteaje?"

Nikalibeba mpaka jikoni, nikapiga magoti. "Mama, humu mna kanga za mjukuu wako na hati yangu. Naomba uniwekee."

Alinitazama kwanza. "Kumbe linabanduka! Nilidhani umezaliwa nalo." Akaliingiza chumbani kwake.

Kwa siku tatu sikuliona. Nilikula, nikambeba mpwa wangu, lakini macho yalikuwa kwenye mlango ule. Kuuliza niliona aibu.

Siku ya kurudi alinikabidhi begi likiwa zito, limejaa maharage. Vidole viliniwasha nifungue zipu. Lakini dada alikuwa amesimama naye, wanacheka pamoja. Nikaaga hivyo hivyo.

Mpakani afisa alinyoosha mkono. Nikafungua begi, nikapapasa chini, maharage. Pembeni, maharage.

"Hati, kijana. Wenzako wanasubiri."

Nikazamisha mkono katikati, nikagusa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo matatu. Hati ilikuwa ndani, haina hata vumbi.

"Nani kakufungia hivi?"

"Mama mkwe wa dada yangu."

"Huyo angefaa kufanya kazi hapa."

Sasa nawaambia mnaotaka kuvuka: hati ikae mwilini, ndani ya nguo, na begi mpeni mwenyeji anayekuja kuwapokea. Mimi niliviweka vyote mahali pamoja, ndiyo maana nikamwogopa mtu aliyekuja kuniheshimu.