Rimu za Gidioni

Gari la Gidioni lilifika Machame siku chache kabla ya Krismasi, mwaka ule wa mvua za El Nino. Sehemu ya mwisho ya kilima lilipanda kwa kusukumwa. Vijana waliolisukuma walilowa tope mpaka kifuani, lakini hakuna aliyenung'unika, maana kijiji kilikuwa hakijaona gari lenye magurudumu ya namna ile. Lilikuwa gari dogo jeupe la Kijapani, la kawaida tu, isipokuwa rimu zake. Zilikuwa za kromu, pana, na mvua ilipoosha tope ziling'aa kama kioo. Aliyechuchumaa mbele yazo aliuona uso wake umevutika upande.

Elinipendo, mke wa Gidioni, alisimama mlangoni amejitanda khanga. Alikuwa hajamwona mumewe karibu mwaka mzima. Zamani Gidioni alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika pale kijijini. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuja na magunia yao, kazi ya chama ikapungua, naye akapunguzwa. Akateremka Dar es Salaam, akaingia kwenye biashara ya magari yaliyotumika.

"Hizi hazikuja na gari," alimwambia mkewe jioni ile, hata viatu hajavua. "Nimezinunua peke yazo. Ni kromu. Gari litaoza, hizi zitabaki."

Krismasi ile walikwenda kanisani kwa gari, wao wawili na binti yao Brenda aliyekuwa sekondari ya bweni. Baada ya ibada watu walizunguka gari kwanza, ndipo wakasalimiana. Elinipendo alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akawa anafurahi bila kujua afurahie nini hasa, gari au mumewe kuwa kando yake.

Januari mvua ikakata barabara. Kalavati la kupitisha maji chini ya kilima lilisombwa na kuacha shimo ambalo hata mkokoteni usingepita. Gidioni alingoja, akachoka kungoja. Asubuhi moja alichukua begi lake.

"Biashara hainingoji," alisema. "Barabara ikitengenezwa nitakuja kulichukua. Wewe niangalizie rimu tu, Mama Brenda. Usiziache zikafubaa."

"Nitaziangalia," alisema Elinipendo.

Akashuka kwa miguu kwenye utelezi, begi kichwani, akapotelea kwenye migomba.

Kalavati lilitengenezwa kabla ya mwaka kwisha. Gidioni hakuja. Mwanzoni salamu zilifika kwa vinywa vya watu: yuko Dar, anahangaika, yuko safarini, atakuja Pasaka. Baadaye hata salamu zikakoma. Brenda alimaliza shule, akasomea uuguzi, akapangiwa kazi Mwanza. Nyumbani akabaki Elinipendo na ng'ombe wake wawili wa maziwa, na gari lililofunikwa turubai kando ya zizi.

Kila Jumamosi alifunua turubai na kusafisha rimu. Alisafisha kwa njia aliyoijua, ile ile ya kusafishia sufuria: majivu yaliyochekechwa, maji, na kitambaa cha gunia. Alisugua mpaka mabega yakamuuma. Akimaliza, aliingia garini na kukaa kidogo, madirisha yamefungwa. Alikaa kiti cha abiria. Kile cha dereva hakukigusa kamwe. Humo ndani mlikuwa kimya kuliko nyumbani, na kwa sababu fulani kimya kile alikivumilia vizuri zaidi.

Watu walikuja kuzitaka zile rimu. Wa mwisho alikuwa Tito, kijana mwenye teksi mjini Moshi, aliyepanda mpaka kwenye kihamba cha Elinipendo, shamba la migomba linalozunguka nyumba.

"Shikamoo, mama. Nimesikia una rimu za kromu hapa."

"Marahaba. Zipo, ila zina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi nikaongee naye?"

Elinipendo alimvutia kigoda. Akamkaribisha mtori wa ndizi, kijana akala, akaaga na kwenda zake.

Mwaka 2003 shemeji yake Filemon, mdogo wake Gidioni, alikuja kutoka Mbeya kwa msiba wa ukoo. Baada ya mazishi alikaa na Elinipendo jikoni, akawa anazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Shemeji, nimemwona kaka."

Elinipendo aliendelea kumenya ndizi. "Wapi?"

"Huko huko Mbeya. Ana duka la vipuri. Ni mzima. Anaishi na mtu."

"Mwanamke."

"Ndiyo, shemeji."

Kisu kilifika mwisho wa ndizi, akachukua nyingine. "Aliuliza nini?"

Filemon alitazama moto. "Aliuliza kama rimu bado zinang'aa."

"Na mimi?"

"Alisema nikusalimie."

Elinipendo alipika zile ndizi, wakala wote wawili. Usiku alilala bila kulia, jambo lililomshangaza mwenyewe. Jumamosi iliyofuata hakufunua turubai.

Ilimchukua wiki kadhaa kufikia uamuzi wa kuziuza rimu. Kisha alishuka Moshi, akaingia mtaa wa Majengo, akauliza hapa na pale mpaka akaonyeshwa kibanda cha Remigius, fundi wa kunyoosha na kung'arisha rimu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alipanda naye Machame siku hiyo hiyo, akiwa na jeki na spana zake.

Remigius alitoa gurudumu la kwanza, akalilaza kwenye nyasi, akalipitishia kiganja. Kisha akaligeuza upande wa nyuma, ule ambao Elinipendo hakuwahi kuuona. Kromu huko ilikuwa imevimba malengelenge na kubanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake aluminiamu ilikuwa imeliwa, imefanya unga mweupe.

"Mama, ulikuwa unazisafishia nini?"

"Majivu."

Remigius alijifuta unga vidoleni. "Kromu ni ngozi nyembamba sana," alisema. "Majivu yanaikwaruza. Mikwaruzo yenyewe huioni, lakini maji yanaiona. Yakishapita, yanakula kwa ndani. Sabuni ya kawaida na kitambaa laini vingetosha. Tena kwa gari lililosimama chini ya turubai, heri ungeziacha tu."

"Miaka yote hiyo," alisema Elinipendo.

"Usijilaumu, mama. Hata ukingo linapokaa tairi umeoza, na huko mkono wako haukufika. Hizi si za kusimama kwenye unyevu wa huku juu. Wala barabara zenu haziziwezi. Rimu ya chuma ikipigwa na jiwe inapinda, nainyoosha kwa nyundo. Hii inapasuka."

Alizitoa zote. Mbili zilikuwa zimekwisha kabisa, mbili zilikuwa na afadhali.

"Hizi mbili utapata mtu wa kuzinunua?" aliuliza Elinipendo.

"Mbili hazina soko. Mwenye gari anataka nne zinazofanana. Mimi nitazichukua zote nizikate, niuze kinachofaa kuyeyushwa, na wewe nikuletee za chuma za kawaida na matairi yanayofaa. Hazina urembo, lakini zitakuzika."

Elinipendo alizitazama pale kwenye nyasi. Ng'ombe alikuwa amesogea uani, ananusa moja. "Zipeleke," alisema.

"Moja ubaki nayo? Wengine wanatundika ukutani."

"Ya nini?"

Aliuza mtamba, ndama jike wa ng'ombe wake mmoja, fundi wa injini akaja, akabadilisha mipira yote iliyokauka, betri na mafuta. Siku gari lilipowaka lilitoa moshi mweusi na panya wawili. Elinipendo alikuwa amepita miaka hamsini. Alijiandikisha kwenye shule ya udereva mjini, darasa moja na vijana waliomwita bibi. Alizima gari kwenye kilima mara nyingi kuliko wote, na mwalimu alimpigia kelele kama anavyowapigia wengine, nalo hilo lilimpendeza. Alipata leseni. Tangu hapo akawa anapeleka maziwa kwenye kituo cha kuyakusanya, yake na ya majirani, madumu yamepangwa kiti cha nyuma, huku rimu nyeusi za chuma zikigonga mawe bila kudhurika.

Watu walidhani gari limemwondolea upweke. Kweli alibeba wengi. Wakifika waliteremka, naye akarudi peke yake.

Desemba ya mwaka 2005 Gidioni alirudi. Alikuja na basi, akapanda kwa miguu, amekonda, meno ya mbele mawili hayapo. Elinipendo alikuwa anaosha madumu uani.

"Mama Brenda."

"Baba Brenda. Karibu."

Macho ya Gidioni yalikwenda kwenye gari. "Rimu ziko wapi?"

"Ziliisha."

"Kromu haiishi."

"Ya kwako iliisha, Gidioni." Lilikuwa jambo geni kumwita kwa jina lake. Wote wawili walilisikia. "Ilioza kwa nyuma. Nilikuwa naisugua upande wa mbele tu."

Gidioni alikaa kwenye ngazi. Alieleza kwamba duka lilikufa na yule mwanamke alirudi kwao. Hakuomba msamaha, ila aliongea kama mtu anayezungukazunguka mahali ambapo msamaha upo, hathubutu kuingia. Elinipendo alimsikiliza, akamtandikia chumba cha Brenda. Krismasi walikula meza moja. Gidioni aliuliza habari za kahawa, mkewe akajibu. Aliuliza habari za Brenda, akajibiwa. Kisha maneno yakawaishia. Elinipendo alitambua kwamba upweke aliokuwa nao nyumba ikiwa tupu ulikuwa mwepesi kuliko huu wa watu wawili.

Baada ya mwaka mpya Gidioni alisema Filemon amemtafutia kibarua Mbeya, kwenye gereji ya mtu.

"Unanizuia?" aliuliza.

Elinipendo alifikiri kwa uaminifu kabisa kabla ya kujibu. "Hapana. Lakini ukiugua, usiugulie barabarani. Njoo."

Alimshusha kwa gari mpaka barabara ya lami. Gidioni alikaa kiti cha abiria, akishika mlango kila kona. Basi lilipokuja alisimama kidogo dirishani kama mwenye neno, kisha kondakta akamvuta ndani.

Wakati wa kupanda, mzee Elisifa, jirani, alimsimamisha akiwa na mfuko wa pumba begani. Elinipendo akamsalimu shikamoo, akamfungulia mlango.

"Nani yule uliyemshusha pale chini?" aliuliza mzee walipokwisha kupita kalavati.

"Baba yake Brenda."

"Amekwenda tena?"

"Amekwenda."

Mzee aliweka pumba vizuri kati ya miguu. Mvua nyepesi ilianza kudondoka kwenye kioo. Elinipendo alipunguza gia, kilima kikaanza.