Kobe wa Chumba cha Mashine

Binti yangu wa pili wanamwita Kobe. Yeye ndiye anayetunza mashine ya barua pepe pale hospitali kuu, na hakimbizwi na mtu. Nimemzaa hivyo na sijuti.

Baba yake alilazwa hapohapo, damu imeingia vijidudu. Dawa waliyompa haikufua dafu. Kipimo kikapelekwa maabara ya mbali, na jibu lingekuja kwa barua pepe, ndipo daktari ajue dawa gani itamfaa.

Asubuhi nikashuka kumuuliza binti yangu. Nikakuta barua haziingii kabisa. Mkuu wake, kwa papara zake, alikuwa ameweka programu mpya ya barua kwa nguvu: mashine inakataa, yeye anasukuma.

"Sasa shida nini?"

"Hizi programu zinategemeana, mama. Hii ya barua inataka kifurushi kipya cha usalama. Ile inayochuja barua chafu inataka kilekile cha zamani. Na vyote viwili havikai mashine moja."

"Kama wake wenza."

"Wake wenza afadhali, wanagawana siku."

Mkuu akachungulia mlangoni. "Kobe, lazimisha tena, iende!"

"Umeshalazimisha wewe, bosi, ndiyo maana tuko hapa. Naondoa kichujio, barua ziingie kwanza."

"Uchafu wa dunia nzima utumwagikie? Thubutu!"

"Baba yangu yuko juu," akasema, wala hakugeuza shingo.

Akaendelea. Kila alichotaka kung'oa, mashine ilimtajia vingine vitakavyong'oka nacho, naye anasoma vyote kabla ya kukubali. Mkuu anafoka, yeye anasoma. Nilitamani kumsukuma mgongoni, nikajizuia.

Muuguzi akaja kuniita. Nikapanda. Mume wangu walikuwa wameshamfunika uso.

Niliposhuka, Kobe alikuwa amesimama, karatasi mkononi, anacheka. Sijamwona akicheka vile tangu utoto.

"Imeingia, mama! Dawa imetajwa hapa. Kimbia nayo!"

Sikuipokea. Nikavuta kiti nikaketi.

"Zima mashine yako, mwanangu. Twende kwa baba yako."

Akanitazama, kicheko kikamwisha usoni.

"Hii haizimwi, mama," akasema polepole. "Kuna wagonjwa wengine wanasubiri majibu."

Akaketi, akaanza kutafuta kichujio kitakachopatana na kile kifurushi kipya. Machozi yanamdondokea kwenye vidole, vidole vinaandika. Nikapanda ngazi peke yangu.