Meli Haina Boma

Tarehe 9 Juni 1984 nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi wa baiskeli Kisumu, kwenye kibaraza cha duka la Mhindi, na alianguka asubuhi akiwa bado ameshika pampu. Tulimzika kwao Seme.

Alikuwa anamngoja mjukuu wake wa kwanza. Binti yetu ameolewa Homa Bay, ng'ambo ya ghuba, na wakati wa mazishi mimba yake ilikuwa kubwa mno, wakamkataza safari. Shali ya mtoto mume wangu alikuwa ameshainunua mwenyewe. Ilikuwa ya njano. Alisema njano haiulizi kama ni mvulana au msichana.

Kwetu, mjane ambaye desturi za kifo hazijakamilishwa haingii boma la mtu. Haingii kwa jirani, haingii kwa dada yake, haingii hata kwa wazazi wake. Mimi niliishia darasa la saba na sitaki kubishana na yeyote kuhusu mambo hayo. Niliyashika kwa sababu mume wangu angeyashika. Lakini shali ile nilitaka kumfunika mtoto kwa mkono wangu, kwa sababu mkono ulioinunua haukuwepo tena.

Nikamwendea mama mkwe wangu, ambaye huniita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. Alikuwa anachambua mtama nilipomwambia nataka kuvuka ghuba kwa meli. Hakuinua macho.

"Meli ina lango?" akaniuliza.

"Haina, mama."

"Kuna mzee wa boma aliyezikwa ndani yake?"

"Hapana."

"Basi meli si boma, Nyar Asembo. Panda. Gati nalo ni la serikali, na serikali haina babu. Kanyaga gati, lakini usivuke lile geti la kwenda mjini. Mtoto aletwe."

Nikatuma habari kwa wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, kwamba nitapita na meli, na binti yangu aje gatini akiweza.

Meli ya siku zile ilitoka Kisumu asubuhi, ikapita Kendu Bay, ikafika Homa Bay mchana, halafu ikavuka kwenda kulala Asembo Bay. Kesho yake ilirudi Kisumu moja kwa moja bila kupitia Homa Bay tena. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja tu, nusu ya mchana ambayo wangekuwa wanashusha soda na kupakia magunia.

Safari ya kwanza sikuona mengi. Nilikaa daraja la tatu, karibu na bomba la moshi kwa sababu ya kutojua, na masizi yakanipaka kitambaa chote cha kichwa. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa na vikapu vya samaki wakavu alinitazama, akaniambia hapo hukaa watu wenye deni na Mungu. Nilikuwa nimeikumbatia shali ndani ya mfuko.

Tulipofika Homa Bay nilisimama penye reli nikatafuta. Binti yangu hakuwepo. Mkwe wangu alikuwepo. Alisimama mbali, kando ya magunia ya mahindi, peke yake, kofia mkononi.

Huenda mtu wa mahali pengine angemwita. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani hivyo. Hawasemezani katikati ya watu, wala hawatazamani usoni. Mmoja akiwa na neno, hutuma mtu. Basi mimi nikangoja atume mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kwao. Yeye naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anangoja mimi nitume mtu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Tukangojana. Soda zikashushwa, magunia yakapakiwa, meli ikapiga honi. Mkwe wangu akabaki pale pale na kofia yake mkononi, na maji yakaingia kati yetu.

Mtu aliyetoka kuzika huona mazishi kila mahali. Sikujua kama kofia ile ilivuliwa kwa heshima au kwa msiba. Sikujua kama mtoto amezaliwa, kama yu hai, kama mama yake yu hai. Nilikaa chini. Yule mwanamke wa samaki akaja na kikombe cha chai, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa mimi nilikuwa hapa nimekaa na mdomo wangu mzima. Kwa nini hukunituma?"

"Nilikuwa sijakujua, dada."

"Ninyi watu wa heshima mtakufa kwa heshima." Akanisogezea kikapu nikiegemee. "Keshokutwa tunarudi. Usishuke. Kaa na mimi."

Usiku ule meli ilitia nanga Asembo Bay. Boma la baba yangu lilikuwa juu kidogo tu ya ufuo, nikiuona moshi wa jikoni ukipanda, na sikushuka.

Kisumu vilevile sikushuka ila kukata tiketi. Dada yangu alikaa Milimani, kwenye nyumba za watumishi nyuma ya nyumba ya ofisa mmoja ambaye shemeji yangu alikuwa akimpikia. Alikuja gatini na ugali uliofungwa kwa kitambaa, tukala tumesimama, akarudi zake. Karani wa tiketi aliniuliza kama nimesahau kitu ng'ambo. Nikamwambia ndiyo.

Ndipo nilipoanza kuiona meli. Watu wakiniuliza siku hizi inakuwaje kukaa kwenye meli moja safari mbili mfululizo, huwaambia kwamba safari ya kwanza unabebwa, na ya pili unakaa. Abiria wakishashuka wote, meli hukaa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Halafu mabaharia wanakuja na ndoo na mifagio migumu. Waliosha sakafu ile kutoka mbele hadi nyuma, wakisuuza mpaka magamba ya samaki yote yakaenda na maji, na walipofika niliponyoosha miguu walizunguka bila kuniondoa. Mmoja wao, mzee aliyeshika kamba za kufungia meli, alisema, "Mama, inua mguu kidogo tu," kama mtu anayesema na mwenye nyumba.

Mpishi wa meli naye hakuniuliza nataka nini. Alijua sukari yangu. Yule mwanamke wa samaki alinifundisha kwamba asubuhi kivuli kiko upande wa kulia na baada ya Kendu Bay kinahama, kwa hiyo mwenye akili huacha kikapu kimoja kila upande. Alinifundisha nije na kikombe changu, na nisijaze tumbo kabla ya mahali ghuba inapofunguka, maana mawimbi pale hayana adabu. Wanawake wenzake walipopanda walipanga vikapu vyao bila maneno, kila kimoja mahali pake pa siku zote, na abiria mgeni akikalia nafasi ya mwingine, mimi ndiye niliyemwambia. Nilijisikia nikisema, "Hapo pana mwenyewe, baba." Tangu mazishi sikuwa nimeanza mimi kusema na mtu nisiyemjua.

Hata nchi niliiona upya. Vilima vya Homa, ambavyo safari ya kwanza vilikuwa ukuta tu, safari ya pili nilivingoja, na vilipotokea nilifurahi kama nimeona watu wa kwetu. Mume wangu hakuwahi kupanda meli. Alikuwa mtu wa magurudumu. Nilifikiri angependa kuona jinsi chombo kizito vile kinavyogusa gati polepole, bila kugonga. Nahodha alikuwa mtu wa maneno machache mwenye shati jeupe, na kila mara tulipofika gatini niliacha kupumua kidogo, nikimheshimu.

Homa Bay ilipokaribia nilisimama penye reli. Mwanamke wa samaki hakungoja ubao wa kushukia ukae sawa. Alishuka wa kwanza, akapasua umati, akamwendea mkwe wangu, ambaye alikuwa amesimama kando ya magunia yale yale. Nikawaona wakizungumza. Nikamwona yule mwanamke akicheka, kisha akageuka na kunipungia kanga yake.

Binti yangu alikuwa amekaa nyuma ya magunia, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mtoto mikononi. Mtoto alikuwa amezaliwa siku moja kabla sijapita mara ya kwanza, na zile siku chache za mama kukaa ndani hazikuwa zimeisha; ziliisha asubuhi hii. Hicho tu ndicho mkwe wangu alichokuwa amekuja kuniambia, na aliponiona sikushuka alijua nitapita tena.

Nilishuka ule ubao nikakanyaga gati. Binti yangu alitembea polepole, akanifikia, tukatazamana. Hatukulia. Alinipa mtoto. Alikuwa msichana, mzito, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bure.

"Ametoka na paji la uso la marehemu baba," binti yangu akasema.

"Nimeona."

Nikaitoa shali, nikamfunika. Binti yangu aliishika pembe yake akauliza nani aliichagua rangi. Nikamwambia. Nikamwambia na maneno aliyosema dukani, na hapo ndipo alipogeuza uso.

Magunia yalipakiwa haraka siku ile, au niliona hivyo. Honi ikalia. Nikatazama juu. Yule mzee wa kamba alikuwa ameshaifungua kamba moja, ya pili ameishika. Kuna mtu alimwita kutoka mbele amalizie. Mzee akainama, akaanza kukagua fundo ambalo halikuwa na kosa lolote, akaligeuza, akalitazama upande wa pili. Nahodha alichungulia kutoka juu, akaniona na mtoto, akarudi ndani. Wale ambao safari ya kwanza waliniacha nimeganda penye reli, kwa kuwa nilikuwa abiria tu, sasa walikuwa wananijua.

Nilimshika mjukuu wangu mpaka mzee alipoishiwa na sababu. Kisha nikamrudisha kwa mama yake, nikapanda.

Nikiwa penye reli nilimwona mkwe wangu akija kwa binti yangu, akinipa mgongo kama inavyotakiwa. Baiskeli ile marehemu mume wangu ndiye aliyeiunga magurudumu. Alimsaidia mke wake kukaa kwenye kiti cha nyuma, akaikaza shali miguuni pa mtoto. Yeye hakuipanda. Aliushika usukani kwa mkono mmoja, kiti kwa mkono mwingine, akaisukuma polepole, akikwepa mashimo, mpaka wakapita geti la kwenda mjini.